Mistari ya brashi kwenye pikipiki: kwa nini rangi inasomwa kabla ya mkono

Kaa kwenye kijiwe chochote cha bodaboda kati ya Mafiati na Uyole, jijini Mbeya, ipite pikipiki yenye mistari miwili myembamba iliyozunguka tenki, na ubishi utaanza wenyewe. Mmoja atasema hiyo stika. Mwingine atasema imepulizwa kwa kompresa. Atakayethubutu kusema imechorwa kwa mkono atachekwa: mkono gani wa binadamu unanyooka hivyo? Na tangu video fupi za mafundi wa ng'ambo zianze kuzunguka kwenye simu, vijana wanaotaka kujifunza kazi hii wanarushiwa ushauri unaogongana. Huyu anaambiwa anunue brashi ndogo kuliko zote dukani. Yule anaambiwa azimue rangi kwa petroli. Wengi wanaambiwa tu kwamba kama mkono wako unatetemeka, achana nayo.

Ushauri huo wa mwisho ndio uliokatisha tamaa watu wengi bila sababu, na nitaurudia. Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini.

Pikipiki nyingi za kazi zinazouzwa kwetu, iwe Boxer, TVS au zile za Kichina, zinakuja na stika: plastiki nyembamba yenye gundi, iliyochapwa rangi na kubandikwa. Mstari wa kupuliza ni kitu kingine. Fundi anabandika tepu pande mbili, anaacha mwanya katikati, anapuliza rangi kwenye mwanya, kisha anabandua tepu. Mstari wa brashi hauhitaji gundi wala kompresa. Fundi analaza brashi yenye nywele ndefu juu ya tenki, anaivuta, na rangi inabaki ilikopita.

Ubishi wa kijiweni unaweza kuumaliza kwa ukucha. Stika ina ukingo unaokwaruza, na mara nyingi kona yake imeshaanza kunyanyuka pale magoti ya dereva yanapogusa. Mstari wa kupuliza una kingo mbili kali kama ngazi ndogo, na upana wake ni uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mstari wa brashi umevimba kidogo katikati na kushuka pande zote mbili, unaishia kwa ncha, na ukiutazama kwa pembeni juani utaona mahali fundi alipoongeza rangi na kuunganisha.

Kazi yenyewe ni kongwe kuliko pikipiki. Ilikuwepo tayari kwenye magari ya kukokotwa na farasi huko Ulaya na Marekani. Kampuni ya Andrew Mack ya Marekani inatengeneza brashi za aina hii tangu 1891. Huko India, ambako pikipiki ya Royal Enfield Bullet ilianza kuundwa Madras (leo Chennai) mwaka 1955, matenki ya Bullet yamekuwa yakichorwa mistari kwa mkono kwa miongo mingi. Pikipiki nyeusi za BMW za zamani zenye mistari myeupe nazo zilichorwa hivyo, na Rolls-Royce hadi leo wanachora mstari wa ubavuni mwa magari yao kwa brashi ya nywele za kindi. Katika miaka ya 1950 huko California, Kenneth Howard, aliyejulikana zaidi kama Von Dutch (1929–1992), alifanya mistari iache kuwa pambo la pembeni na kuwa mchoro unaojitegemea. Kwetu sisi, ndugu wa karibu wa kazi hii ni fundi wa mabango, yule anayeandika misemo nyuma ya malori yanayopanda kuelekea Tunduma. Ukitaka mwalimu, anza kumtafuta huko, kwa sababu anaijua rangi ya mafuta na brashi kuliko fundi wa kupuliza.

Mkono unaotetemeka

Kila mkono unatetemeka. Ukiweza kusikia mapigo ya moyo wako, na mkono wako unayasikia. Kinachonyoosha mstari ni urefu wa nywele za brashi.

Brashi ya kazi hii ina nywele laini za urefu wa kama sentimita 5, zilizopangwa kwa mshazari: upande mmoja mrefu, mwingine mfupi, hadi umbo lake linafanana na ubapa wa panga dogo. Mpini wake ni mfupi. Fundi hasimamishi ncha kama mtu anayeandika kwa kalamu. Analaza nywele karibu zote juu ya tenki na kuvuta kuelekea kwake. Umewahi kuona ng'ombe wakivuta gogo kwa mnyororo mrefu? Ng'ombe wanayumba kushoto na kulia, lakini gogo nyuma yao linapita karibu njia iliyonyooka, kwa sababu urefu wa mnyororo unameza myumbo. Nywele ndefu zinafanya hivyo hivyo. Vidole vinatikisika huku juu, na kule nyuma, mstari unakotokea, mtikisiko umeshapungua.

Sasa unaona kwa nini brashi fupi na ndogo ni mtego kwa mwanafunzi. Inaonekana rahisi kwa sababu ni ndogo, kumbe inachora kila mtikisiko wa kidole, na haibebi rangi ya kutosha kumaliza hata robo ya tenki. Brashi za mistari zina namba. Namba 0 au 00 inamfaa anayeanza kuliko zile ndogo zaidi, kwa kuwa upana wa mstari hautokani na ukubwa wa brashi peke yake. Ukigandamiza kidogo mstari unatanuka, ukilegeza unakuwa mwembamba. Brashi ileile inaweza kutoa milimita 1 na pia milimita 3.

Brashi hizo hazipatikani kirahisi sokoni Mwanjelwa, Mbeya, wala kwenye maduka ya vifaa ya Iringa mjini. Mara nyingi huagizwa. Wapo wanaojaribu kutengeneza kwa kukata ncha za brashi ya kupakia mlango. Haitakusaidia sana. Nywele laini ya asili inakuwa nyembamba yenyewe kuelekea nchani, na ncha hizo ndizo zinazokutana na kutoa ukingo safi. Ukizikata kwa mkasi unabaki na kitu butu. Afadhali brashi laini ya wachoraji wa picha, yenye nywele ndefu kadiri utakavyopata, uipunguze kwa kung'oa au kukata baadhi ya nywele karibu na shingo ya bati na kuziacha ncha zake kama zilivyo.

Mwili nao una kazi yake. Kidole kidogo kinateleza juu ya tenki kama mguu wa kuegemea, na mkono wa pili unaweza kukaa chini ya kifundo kuubeba ule unaochora. Vidole vyenyewe havichori, vinashika tu. Mvuto unatoka begani, na mstari ukiwa mrefu unatoka miguuni, unarudi nyuma hatua kwa hatua. Ukifika kwenye kona unauzungusha mpini taratibu katikati ya kidole gumba na cha shahada ili ubapa wa nywele uendelee kufuata mwelekeo. Macho yatazame mbele, kule mstari unakokwenda. Anayekodolea macho nywele ndiye anayepinda.

Rangi, na baridi ya huku juu

Haya yote hayana maana kama rangi haiko sawa, na hapa ndipo naona mafunzo mengi yanaanzia mwisho. Mwanafunzi anapewa brashi siku ya kwanza, anachora mstari unaokatikakatika au unaosambaa, anaambiwa mkono wake mbaya. Mara nyingi mkono hauna kosa. Rangi ndiyo iliyokataa.

Rangi ya mistari ni rangi ya mafuta. Inakauka kwa hatua mbili: kwanza kimumunyisho, yaani kile kilichoifanya iwe majimaji, kinapeperuka, kisha mafuta yenyewe yanaungana na hewa ya oksijeni na kuwa magumu. Hatua ya kwanza ni ya saa chache. Ya pili ni ya siku kadhaa. Mtu anayegusa mstari jioni na kusema "imekauka" anazungumzia hatua ya kwanza tu.

Rangi maalumu ya kuandikia mabango ina unga wa rangi mwingi, ndiyo maana inafunika kwa mpito mmoja. Gloss ya kawaida ya geti na milango ina mafuta mengi kuliko unga, na ukivuta mstari wa njano au mweupe juu ya tenki jeusi unaona weusi ukichungulia chini yake. Ujanja wa zamani wa mafundi wa mabango ni kuliacha kopo litulie siku kadhaa bila kulitikisa, kumwaga sehemu ya mafuta yaliyopanda juu, na kutumia ile nzito ya chini. Haifikii rangi maalumu, ila inatosha kujifunzia.

Kisha inakuja hatua ambayo ukiitazama kwenye video inaonekana kama fundi anapoteza muda. Anachovya brashi kwenye rangi, kisha anaivuta mbele na nyuma juu ya karatasi ngumu inayoteleza, kama ganda la jarida, mara nyingi, upande huu na ule. Kazi anayofanya hapo ni kuifikisha rangi ndani ya kila unywele, kutoa ziada, kuzibana nywele ziwe bapa, na juu ya yote kuisikiliza. Rangi iliyo sawa inaruhusu brashi iteleze kwa ukinzani mdogo na inaacha alama yenye kingo safi karatasini. Ikikamata na kuvuta nywele, ni nzito: mstari utakatika. Ikimwagika nje ya ukingo wa brashi, ni nyepesi: mstari utasambaa. Unaongeza tone la kimumunyisho au la rangi, unavuta tena. Fundi mzoefu anarudia hivyo kila anapochovya, kwa sababu rangi ya saa nne siyo rangi ya saa tano.

Na hapa Nyanda za Juu Kusini hilo lina uzito wa pekee. Mbeya mjini iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na usiku wa Juni na Julai unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Njombe ni baridi zaidi. Asubuhi rangi koponi ni nzito, brashi inakamata. Mwanafunzi anamwaga kimumunyisho hadi iteleze. Saa sita jua limepanda, tenki limepata joto, na rangi ileile sasa inasambaa ovyo. Akikaza roho na kuimaliza kazi, kimumunyisho kingi alichoongeza kinachelewesha kukauka na kufifisha mng'ao.

Mchukue mwanafunzi huyohuyo umshushe Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, chini kabisa na kwenye joto. Brashi inakamata tena. Dalili ni ileile, sababu imegeuka: huku kimumunyisho kinapeperuka kabla mstari haujaisha, rangi inaanza kukauka ikiwa bado kwenye nywele. Kwa hiyo ushauri wa "ikikamata ongeza" ni nusu ya ukweli. Penye baridi, pasha kwanza: liweke kopo kwenye maji ya uvuguvugu (moto kabisa hapana, mvuke wake unawaka), na uliache tenki liote jua kabla ya kazi. Penye joto, hamia kivulini, mimina rangi kidogo kidogo, na tumia kimumunyisho kinachopeperuka polepole kama tapentaini. Saa nzuri za kazi Mbeya na Iringa wakati wa kipupwe ni kuanzia katikati ya asubuhi hadi mapema alasiri, ili mstari ushike kabla ya umande. Ukiulaza nje mbichi, asubuhi utaukuta umepauka. Upepo wa Makambako na vumbi la Septemba sihitaji kueleza. Chora ndani ya banda.

"Tina ni tina"

Hapana. Kudhani kwamba kila kimiminika cha kuzimulia rangi ni kilekile kumeharibu matenki mengi.

Tina kali ya kuchanganyia rangi za kupuliza za bei ya kawaida ni tofauti na tapentaini au spiriti nyeupe inayotumika kwa rangi ya mafuta. Matenki mengi yaliyopigwa rangi upya mitaani yamepulizwa ile rangi inayokauka haraka, ambayo hata ikikauka kabisa inayeyuka tena ikiguswa na tina yake. Sasa mwanafunzi anachora mstari, anaukosea, anachukua kitambaa chenye tina kali afute. Anafuta mstari na tenki pamoja. Angetumia spiriti nyeupe, mstari mbichi wa rangi ya mafuta ungetoka na rangi ya chini ingebaki salama. Hiyo ndiyo raha kubwa ya kazi hii ambayo watu hawaijui: kwa dakika za mwanzo kila kosa linafutika.

Petroli nayo haifai kuzimulia. Inapeperuka haraka, inaua mng'ao, na kwenye banda lililofungwa kwa sababu ya baridi, cheche moja inatosha.

Kabla ya brashi kugusa tenki, lioshe kwa sabuni, likauke, kisha lifute kwa spiriti nyeupe na kitambaa safi. Adui mkubwa ni polishi ya kung'arisha inayopakwa sehemu za kuoshea magari. Nyingi zina silikoni, na penye silikoni rangi inajikunja na kuacha vitundu vya duara. Watu wakiona hivyo wanasema rangi ni feki. Pengine, lakini kafute tenki kwanza.

Kuhusu kujifunza kwenyewe sina mengi. Tafuta kipande cha kioo cha dirisha, weka chini yake karatasi iliyochorwa mistari iliyonyooka, mikunjo ya umbo la C na ya umbo la S, chora juu ya kioo, futa, chora tena. Kioo kinateleza kuliko tenki, kwa hiyo kinafichua rangi nyepesi haraka. Halafu nenda kwa wauza chuma chakavu upate tenki bovu, kwa sababu kioo hakikufundishi mteremko. Kwenye tenki kinachosumbua ni kulinganisha kushoto na kulia. Wanaotumia macho tu hujidanganya. Toboa mchoro kwenye karatasi kwa matundu ya sindano, uweke upande mmoja wa tenki, pigapiga juu yake kitambaa chenye unga wa chaki, kisha ugeuze karatasi upande wa pili. Nukta za chaki zitalingana. Anza na upande unaokuwia mgumu. Ule mwepesi utaufuatisha. Kile kichupa chenye kigurudumu kinachouzwa mtandaoni kwa ajili ya mistari kinafanya kazi kweli kwenye mstari mrefu na ulionyooka, lakini kwenye kona kali za tenki kinakuacha njiani.

Brashi ikimaliza kazi ioshe kwa spiriti hadi itoke safi, ichovye kwenye oili mpya ya injini, inyooshe kwa vidole na uilaze. Usitumie mafuta ya alizeti hata kama yapo jikoni. Alizeti inaganda polepole ikikaa hewani, na baada ya wiki chache utakuta nywele zimeshikana. Oili ya injini haigandi. Kabla ya kazi nyingine unaiosha itoke yote.

Swali ambalo kila mteja anauliza ni kama lazima mistari ipulizwe klia juu, yaani ule mpako angavu usio na rangi. Si lazima. Rangi nzuri ya mafuta inasimama yenyewe miaka mingi, na Bullet nyingi za zamani ni ushahidi. Klia inaongeza ulinzi, lakini ikipulizwa juu ya mstari ambao haujakomaa, kimumunyisho chake kikali kinapenya chini na kuukunja mstari mzima mbele ya macho yako. Anayetaka klia asubiri siku za kutosha, na huku kwetu kipupwe kinaziongeza, kisha ajaribu kwenye bati lililochorwa siku ileile tenki lilipochorwa, kabla ya kugusa tenki la mtu.

Kwa dereva wa bodaboda, hatari iliyo karibu zaidi ni petroli. Anajaza mara kwa mara, na huko vijijini Rungwe au Mufindi anajaza kwa chupa, mafuta yanachuruzika kutoka kwenye kifuniko. Mstari wa siku mbili hauhimili hilo. Mchoraji mwenye busara anaukwepesha mstari na njia ya mchuruziko, anamwambia mteja aache pikipiki ipumzike, na kama haiwezekani kupumzika, kwa kuwa hesabu ya leo haingoji, anachora madigadi au vifuniko vya pembeni na kuliacha tenki.

Mteja mwenye pikipiki ya mkataba amuulize bosi wake kwanza, maana chombo si chake hadi amalize. Na hofu ya trafiki? Rangi ni moja ya taarifa zilizoandikwa kwenye kadi ya pikipiki. Mistari miwili ya njano haiifanyi nyeusi kuwa rangi nyingine. Kupuliza tenki zima jekundu ni habari tofauti, hiyo inataka kadi irekebishwe TRA. Namba na viakisi mwanga usiviguse kwa brashi hata mteja akikuomba.